Mashine ya Kuatika Miche: Tupige Hesabu Kwanza



Siku hizi baina yetu yazungumzwa sana habari ya mashine ya kuatika miche ya mboga. Mwanachama akivuka bahari kwenda Dar es Salaam, akashuka bandarini na kupita Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo kutafuta mbegu, dawa au bomba la kunyunyizia, harudi na vitu hivyo peke yake. Hurudi na habari ya mashine aliyoonyeshwa picha yake katika simu: watu wawili wamekaa kitako juu yake, wanatia miche katika vikombe vinavyozunguka, na nyuma yao tuta zima limekwisha pandwa kabla mtu hajamaliza kikombe cha kahawa. Wengine husema kwamba msimu mzuri wa karafuu ukija, fedha yake ndiyo itakayonunua mashine hiyo.

Hatusemi kwamba mashine ni kitu kibaya. Mgongo wa mkulima umeinama miaka mingi, na kila chombo kinachomwinua chastahili kupokewa kwa shukrani. Lakini fedha ya karafuu ni fedha ya jasho, tena haiji kila mwaka kwa wingi ule ule. Kwa hiyo yatupasa kuuliza mapema: Je, mashine hii itamlipa mwenye shamba dogo, au ni yeye atakayeilipa?

Shamba Letu Lilivyo

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa mikononi mwa Serikali, na wananchi wengi wakagaiwa eka tatu tatu. Leo eka hizo katika nyumba nyingi zatumiwa na watoto na wajukuu pamoja. Juu yake imesimama mikarafuu, minazi na migomba, nayo mboga hupewa nafasi iliyobaki: robo eka bondeni, au baina ya mikarafuu michanga kabla kivuli chake hakijafunga. Robo eka hiyo si ya kudharauliwa. Karafuu huzaa sana mwaka mmoja ikapumzika mwaka wa pili, na katika mwaka wa kupumzika ni tungule, bilingani na kabichi zinazolipa mafuta ya taa, daftari za watoto na nauli ya hospitali.

Basi hesabu yetu na ianze katika robo eka hiyo, wala isianze katika mashamba makubwa ya picha zile.

Namna za Mashine

Jina la mashine ya kuatika limekusanya vitu vingi visivyofanana, na ni vyema mwanachama avitambue.

Namna ya kwanza ni chombo cha mkono. Ni bomba refu lenye mdomo wa chuma chini yake. Mtu huchoma mdomo ule ardhini akiwa amesimama wima, hutupa mche ndani ya bomba, hubana mkono wa chombo, mdomo hufunguka na mche hubaki ardhini. Hakina injini wala gurudumu.

Namna ya pili ni kigari kinachokokotwa kwa mkono, kilichotokana na kilimo cha bitiruti za sukari huko Hokkaido, Japani. Miche hukuzwa ndani ya vikopo vidogo vya karatasi vilivyoungana kama mnyororo, vikopo 264 katika trei moja. Mtu akikokota kigari, mnyororo hujifungua wenyewe na miche hujipanga ndani ya mfereji. Kazi yake ni nyepesi kwa vitunguu na saladi, mimea inayokaa karibu karibu. Tungule na kabichi zataka nafasi pana kuliko mnyororo ule unavyotoa. Tena karatasi hutumika mara moja ikaisha, na nyingine haina budi kuagizwa ng'ambo.

Namna ya tatu ni ile ya picha: mashine yenye viti, inayovutwa na trekta. Na namna ya nne ni ile inayojiendesha kwa injini yake, mtu akiifuata kwa miguu, nayo hutengenezwa sana Japani kwa mashamba yaliyosawazishwa vizuri. Mbili hizi hutaka ardhi laini, isiyo na mawe wala visiki, na mistari iliyonyooka. Mwenye shamba la maweni huko mashariki ya Unguja, au mwenye konde juu ya kilima cha Pemba, amekwisha pata jibu lake kabla ya kuuliza bei.

Hesabu Yenyewe

Hatutahesabu kwa shilingi, maana shilingi hubadilika kila mwaka. Tutahesabu kwa siku za kibarua, kipimo ambacho kila mwanachama anakijua. Na pale tunaposema "tuseme", msomaji mwenye habari bora na aweke namba yake mahali pa yetu.

Tungule zikipandwa mstari na mstari sentimita 90, na mche na mche sentimita 60, eka moja huchukua miche kama 7,500. Kabichi za sentimita 60 kwa 45 huchukua kama 15,000. Tushike tungule. Robo eka ni miche isiyofika 1,900.

Tuseme mtu mmoja kwa mkono huatika miche 120 kwa saa, pamoja na kufungua shimo na kutia maji. Akifanya kazi saa 6 kwa siku, eka moja itachukua kama siku 10, na robo eka siku mbili na nusu. Ama mashine ya viti, tuseme watu wawili wanalisha miche, kila mmoja miche 30 kwa dakika. Robo eka itakwisha kwa nusu saa, na pamoja na kugeuza na kujaza trei tuipe saa nzima. Ukiongeza kazi ya kuandaa trei, eka moja kwa mashine hutaka siku 2 za mtu. Basi mashine humwokolea mkulima siku 8 kwa kila eka, yaani siku 2 kwa kila robo eka.

Sasa gharama. Tuseme mashine ya kuvutwa, bila trekta lake, bei yake ni sawa na ujira wa siku 200, na itadumu miaka 10. Hiyo ni siku 20 kila mwaka. Tia na siku 5 za matengenezo, vyuma na grisi, jumla siku 25. Mwanachama wa robo eka akipanda mara tatu kwa mwaka, ameokoa siku 6. Amelipa siku 25 ili aokoe siku 6. Hasara yake ni ujira wa siku 19 kila mwaka, na mashine yenyewe imefanya kazi saa tatu, kisha ikalala bandani miezi yote iliyobaki ikila kutu ya upepo wa bahari.

Wakishirikiana wanne, wataokoa siku 24, bado hawajafika. Wakiwa watano wataokoa siku 30, na hapo faida imeanza kuonekana, ijapokuwa ni ndogo. Tena kwa kuwa robo eka huchukua saa moja tu, watano hao waweza kumaliza wote katika siku moja au mbili za mvua, wala hawatagombea zamu.

Wako watakaosema: Nyinyi mmesahau msimu wa karafuu! Nao wana haki ya kusema hivyo, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa mashine. Mvua za vuli, kuanzia Oktoba, huja wakati watu wako juu ya mikarafuu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na nani atakubali kuinama kwenye tuta la tungule wakati pishi inamwita? Kibarua hapatikani, au hupatikana kwa ujira maradufu. Basi na tuihesabu. Katika kupanda mara tatu, mara moja iwe ya msimu wa karafuu na ujira uwe maradufu. Akiba ya mwanachama mmoja itapanda kutoka siku 6 hadi 8. Watu watatu watafika siku 24, na wanne siku 32. Kwa hiyo msimu wa karafuu wapunguza idadi ya washirika kutoka watano kuwa wanne. Lakini hata hivyo haumfikishi mtu peke yake.

Nao vibarua wenyewe tusiwasahau. Siku zile 8 zinazookolewa katika kila eka ni ujira wa mtu, na mara nyingi ni ujira wa mama au kijana wa kijiji hicho hicho. Katika msimu wa karafuu hawataumia, kwa kuwa kazi iko tele. Katika miezi mingine wataumia, na fedha iliyokuwa ikizunguka kijijini itapanda meli kwenda kulipia vyuma.

Mashine Hupanda, Haiuzi

Hata tukikubali hesabu hiyo yote, bado tumetazama upande mmoja tu wa shamba. Upande wa pili uko sokoni, nao ndio mgumu zaidi.

Karafuu imetuzoeza vibaya katika jambo hili. Karafuu mnunuzi wake anajulikana, ni Shirika la ZSTC, na bei yake hutangazwa. Ukiianika ikakauka vizuri, waweza kuiweka gunia zake ndani na kulala usingizi. Tungule haijui kusubiri. Ikiiva leo, wiki ijayo ni ya kutupwa, na bei yake haitangazwi na mtu yeyote. Hupangwa alfajiri, baina ya dalali na mchuuzi, na saa nne huwa imebadilika.

Mahali inapopangwa ni Dar es Salaam, katikati ya mji, Kariakoo na jirani yake Ilala. Malori hufika usiku na tungule za Ilula mkoani Iringa, wenzetu wa bara wakiziita nyanya, na kabichi za Mgeta na Lushoto, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na Mang'ola. Malori yakifika mengi, bei hushuka pale Ilala, na punde si punde mzigo huo wa bei rahisi huvuka bahari ukatukuta Darajani na Mwanakwerekwe. Hapo mkulima wetu atashindana nao, awe aliatika kwa mkono au kwa mashine. Mnunuzi haulizi mche uliingiaje ardhini.

Kariakoo yatufunza mambo kwa historia yake. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kubwa lililosanifiwa na Bwana Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na paa zake za zege kama miavuli zilitengenezwa zikusanye hata maji ya mvua. Julai 2021 jengo hilo liliungua, na wauzaji wakatawanyika katika masoko mengine ya mji. Lakini biashara ya mboga haikufa. Kwa nini? Kwa sababu nguvu ya soko haikuwa katika zege. Ilikuwa katika watu wanaojuana, wanaojua nani ana mzigo, nani ana fedha, na bei ya leo ni ngapi. Nguvu hiyo dalali anayo, na mkulima hana. Ndiyo maana mkulima hupimiwa kwa tenga na sanduku badala ya mizani, na gunia lake hujazwa lumbesa mpaka likavaa kilemba, ijapokuwa sheria ya vipimo yaikataza lumbesa.

Watazameni pia waliolima mchicha kwa miaka mingi katika bonde la Msimbazi, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Hawakuwa na mashine. Walikuwa na matuta madogo, jembe na ndoo. Mchicha wao ulikuwa tayari kwa wiki tatu au nne, wakaukata alfajiri, na asubuhi hiyo hiyo ukawa mezani mwa watu wa mji. Walikuwa na taabu zao, maana bonde lile hufurika na maji yake si safi. Lakini walipata riziki katika vipande ambavyo mashine isingeweza hata kugeuka, kwa kuwa walikuwa karibu na mnunuzi, tena hawakupanda vyote siku moja.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Afanyaye kazi kwa mkono hupanda kidogo kidogo, leo tuta mbili, wiki ijayo tuta mbili, na tungule zake huiva kwa zamu. Mashine hupanda shamba lote kwa siku moja, na wenye kushirikiana mashine hupanda wote kwa wiki moja. Mche mmoja ukiiva, yote imeiva, na matenga yote yatafika sokoni pamoja. Bei ikianguka kwa robo, imekula akiba yote ya vibarua na kuomba nyongeza. Mtu ameharakisha kupanda, kumbe ameharakisha kuuza kwa hasara.

Yaliyotangulia

Nchi hii imekwisha ona mashine zikitangulia hesabu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliteremshwa bandarini Dar es Salaam kwa mamia. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa kama saruji, mizizi ya miti ikavunja vyuma, na mvua haikufuata barua za London. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Tena katika miaka ya Kilimo Kwanza, iliyoanza 2009, pawatila nyingi zililetwa kwa wakulima wa bara, na katika sehemu nyingi zilionekana zikivuta matela ya mizigo kuliko kulima, kwa kuwa hazikupatana na udongo wa pale.

Kwa upande mwingine, mwaka 1997 zilitolewa mbegu za tungule za Tanya na Tengeru 97 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha. Hazina gurudumu wala injini. Lakini tunda la Tanya ni gumu, lavumilia safari ya lori, nalo hufika sokoni likiwa zima. Kitu kidogo, cha bei rahisi, kikagusa mahali hasa panapomwuma mkulima, yaani baina ya shamba na soko. Kifaa cha namna hiyo ndicho tunachokitaka.

Maoni Yetu

Kwa hayo yote, twatoa maoni haya kwa wanachama na kwa kamati.

Kwanza, mwanachama mwenye robo eka asinunue mashine ya kuvutwa peke yake, wala asikope kwa ajili hiyo, wala asiweke rehani karafuu ambazo bado ni maua mtini. Wenye ardhi tambarare na laini, wakiwa watano au zaidi walio jirani, na waulize kwanza kama yapatikana ya kukodi.

Pili, tuanze na kitalu. Mche uliokuzwa katika trei, mizizi yake ikiwa imeshikana na udongo wake, haushtuki unapoatikwa, na hushika upesi hata ukipandwa kwa mkono. Trei zauzwa katika maduka ya pembejeo Kariakoo. Udongo wa kujazia hauna haja ya kuagizwa ng'ambo: vumbi la makumbi ya nazi, lililooshwa chumvi yake na kuchanganywa na mbolea iliyooza, latosha, na makumbi tunayo mpaka tunayachoma. Kitalu kimoja cha tawi chaweza kukuza miche ya tungule na miche ya mikarafuu pamoja. Tena bila kitalu cha namna hiyo mashine yenyewe haifanyi kazi, kwa kuwa miche isiyolingana huikwama.

Tatu, chombo cha mkono kijaribiwe. Fundi wa vyuma, awe wa Gerezani au wa hapa kwetu, akipewa kielelezo aweza kukiunda, na kikivunjika akakiunga. Chombo ambacho fundi wa kijiji anaweza kukitengeneza ni mali. Kile ambacho kipuri chake chatoka ng'ambo ni mgeni wa kulishwa.

Nne, kila tawi lipange kalenda ya kupanda, ili wanachama wapishane kwa wiki mbili mbili. Na kabla ya kupanda, apatikane mtu wa kuuliza bei za Ilala na Kariakoo kwa simu kila wiki, na aziandike ubaoni. Simu ile ile iliyotuletea picha ya mashine yaweza kutuletea bei ya leo.

Tano, tuuze pamoja na tuuze kwa mizani. Mizani moja ya tawi itarudisha fedha yake upesi kuliko mashine yoyote, kwa kuwa hufanya kazi kila siku ya mavuno, wala si saa tatu kwa mwaka.

Wahenga wamesema haraka haraka haina baraka. Sisi twaongeza kwamba haraka yafaa iwekwe pale inapolipa. Mkulima wa kisiwa hiki huchelewa kidogo katika kuatika, na huchelewa sana katika kujua bei. Basi na tuanze kuharakisha pale tunapochelewa sana, na kamati ilizungumze jambo hili kabla fedha ya msimu haijafika mikononi.